Nilivyowasahihisha Wasamoa "Amene" Yao

Naanza kwa kukiri, kwa sababu aibu ukiitangulia wewe mwenyewe haina tena pa kukuvizia. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, niliyefundisha Qur'ani kule Unguja zaidi ya miaka thelathini na kuwasumbua watoto wa watu kwa ajili ya herufi moja tu iliyotoka ulimini badala ya kutoka kooni, niliwahi kukaa mbele ya watu kama arubaini, mjini Dubai, siku ya Ijumaa, na kanzu yangu ikinukia udi, nikawasahihisha kwa sauti kubwa lugha yao wenyewe. Lugha hiyo mimi nilikuwa na wiki sita nayo. Wao walikuwa nayo tangu kwa bibi wa bibi zao. Na kilichokuwa kikingoja mwisho wa usahihishaji wangu huo ni posa ya kijana wa watu.

Chekeni tu. Nilikwisha kuwasamehe wote waliocheka siku ile, na walikuwa wengi.

Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa mlinzi wa getini kwenye ghala moja kubwa Jebel Ali, kazi ya kufungua na kufunga na kuandika namba za malori, na usiku nalala Discovery Gardens, chumba kimoja watu wanne, mmoja wao Okello, Mganda, mlinzi mwenzangu, Mkristo mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Getini wote wananiita Maalim, kwa kuwa saa ya mapumziko dereva mmoja wa Kitanga alikuwa akija kibandani kwangu kusomeshwa sura fupi fupi, nami namrekebisha, namshika taya, namwambia rudia, rudia tena, hapana, hiyo inatoka huku chini.

Siku moja nikaona kivuli kimeufunika mlango wa kibanda. Alikuwa Ioane, msimamizi wa makontena, jitu la futi sita na zaidi, mikono imechorwa chale mpaka vidoleni (na sauti ndogo, ya upole, utadhani imeazimwa kwa mtu mwingine). Akasimama akatutazama mpaka dereva akamaliza na kuondoka.

"Maalim," akasema, "unamfanya nini mdomo wake?"

"Nautengeneza. Kila herufi ina mahali pake pa kutokea, nami naipeleka mahali pake."

Akafikiri. "Wangu unaweza kuutengeneza?"

Tulizungumza Kiingereza, chake cha kuteleza, changu cha getini, lakini nitawaeleza kwa Kiswahili ili tusichoshane. Ioane ni Msamoa. Samoa ni visiwa vya huko Pasifiki, mbali hata kupita Australia. Ila yeye alilelewa Nyuzilandi, nyumba ya Kiingereza kitupu, na lugha ya wazee wake ikamtoka angali mtoto, ikabaki vipande vipande. Sasa alikuwa amempenda Sina, binti wa Kisamoa aliyezaliwa na kukulia kisiwani hasa, mhudumu wa mkahawa pale Jumeirah Lake Towers, anayekaa na binamu yake Mele jengo lililotazamana na letu. Wazazi wa Sina walikuwa wanakuja kumtembelea, na baba mtu, Mzee Tavita, ndiye anayeongoza sala katika kanisa la kijiji chake.

"Binti yake mkubwa aliolewa Nyuzilandi," Ioane akaniambia. "Wajukuu hawajui Kisamoa. Wakimtembelea, wanamtazama tu babu yao kama televisheni iliyozimwa sauti. Kwa hiyo ameapa. Mimi ananitaka kitu kimoja: siku ya kumpokea, nikae mbele ya watu wetu wote, nimshukuru Mungu kwa chakula kwa Kisamoa, kwa kinywa safi. Nikishindwa, ruhusa hakuna, na Sina hawezi kwenda kinyume na baba yake."

"Na Sina mwenyewe hawezi kukufundisha?"

Akatazama viatu vyake. "Anadhani lugha yangu imeshika kutu tu. Hajui kwamba haipo."

Jamani, ningekataa vipi? Okello alinishambulia jioni ile ile. "Banange, mzee! Wewe utafundisha mtu lugha ya mama yake? Wewe unaijua?" Nikamwambia lugha siijui, lakini midomo naijua. Na mwenzangu mmoja msikitini aliponiuliza imekuwaje namfundisha mtu sala ya Kikristo, nikamjibu kwamba namfundisha herufi, dini anayo mwenyewe.

Ioane akaniletea karatasi. Shangazi yake alikuwa amemwandikia dua hiyo yote, mistari kumi na miwili, kwa mwandiko mzuri wa shule. Nikamwambia anisomee, na aliposoma tu nikajua ugonjwa uko wapi.

Lugha yao, ndugu zangu, ni lugha iliyojinyima. Konsonanti zake unazihesabu kwa vidole vya mikono miwili, zikaisha. Vokali tano, hizi hizi zetu, na kila neno linamalizikia juu ya vokali kama letu. Lakini vokali hizo zina fupi na ndefu, ukiivuta isiyovutwa umesema jambo jingine, na hilo mwalimu wa madrasa halimtishi, maana kwetu ni madda. Halafu pana ile alama ndogo kama iliyomo katika neno ng'ombe, wanaiweka kabla ya vokali au katikati ya neno, na pale koo linafunga kisha linafunguka: hamza tupu! Na wakiandika "g" wanasema "ng'", ile ile yetu ya kung'oa na kung'aa. Ioane hivi vyote hakuwa navyo. Hamza anairuka kama dimbwi la maji, madda anazikata, na ng' ikianza neno anasema "nga" au "na", Mzungu mtupu.

Nikakaa naye wiki sita, kila siku baada ya swala ya alasiri, kwenye benchi lililo kati ya jengo letu na la akina Sina (saa hizo Sina yuko kazini). Nikamwekea kidole chake mwenyewe kooni ili aisikie hamza ikifunga mlango. Nikamhesabia madda kwa kukunja vidole. Na ile ng' nikampa maneno ya kwetu ayatafune njiani: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'ang'ania. Ikawa ghalani unasikia jitu lile linapita baina ya makontena linasema peke yake, "Ng'ombe. Ng'ombe. Ng'ang'ania," na Wahindi wa forklift wanampisha.

Wiki ya nne ng' ikatoka. Ilitoka nzima, safi, mwanzoni kabisa mwa neno, nami nikasema Alhamdulillahi kwa sauti hata paka wa jirani akakimbia. Hamza ikafuata. Kufikia hapo, kama ningeishika adabu yangu na kunyamaza, nisingekuwa na mkasa wa kuwaeleza.

Lakini nilikuwa na masikio, na masikio yangu yalikuwa yameanza kiburi.

Asubuhi kabla ya kwenda kazini, Sina na binamu yake Mele walikuwa wakikaa benchi lile lile, wakipiga soga au wakiongea na mama yake Sina kwenye simu, nami napita na mfuko wangu wa mkate. Nikaanza kusikia kitu. Karatasi ya shangazi inasema "fa'afetai", yaani ahsante. Sina akimwambia Mele anasema "fa'afekai". Karatasi inasema "lenei". Wao wanasema "leng'ei". Nikatega sikio siku ya pili, ya tatu. Ni kanuni! Kila palipo na t kwenye karatasi, mdomoni mwao pana k. Kila palipo na n, pana ng'. Na mimi nikimpisha Sina njiani, ananiambia kwa heshima, taratibu, "Fa'afetai, Maalim." Kwa t!

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilihitimisha. Nikasema, ahaa, huyu binti ananirahisishia kwa kuwa mimi ni mgeni, kama sisi tunavyomwambia Mzungu "jambo" wakati wenyewe hatusemi hivyo. Na shangazi naye kaandika Kisamoa cha ofisini. Kisomo cha kweli ni kile wanachosomeana wao kwa wao. Sisi walimu wa Qur'ani tumelelewa hivyo: husomi kutoka kwenye karatasi, unapokea kutoka kwenye kinywa cha aliyepokea kutoka kwenye kinywa. Karatasi ikigombana na kinywa, kinywa kinashinda.

Nikaichukua kalamu ya wino mwekundu. (Hapo ndipo, ndugu zangu. Uamuzi mdogo kama huo, wa mtu aliyekaa kitandani na kikombe cha chai.) Nikaisoma karatasi mpaka nikaihifadhi kwanza, maana siwezi kukosoa maandishi nisiyoyahifadhi, kisha nikapita mstari kwa mstari, kila t juu yake k, kila n juu yake g. Nilipofika neno la mwisho, "Amene", nikasita kidogo, kwa kuwa hilo sikuwahi kumsikia Sina akilitamka. Nikafanya kiyasi, yaani nikalipima kwa mengine, kama wafanyavyo mafakihi pasipo na dalili: kanuni ni kanuni. Nikaandika "Amege". Ameng'e.

Okello alichungulia begani kwangu. "Mzee, hii karatasi si ni wenyewe waliandika? Sasa wewe unaenda kuwaambia hawajui kuandika?"

"Bwana Okello, maandishi hayana masikio."

"Na wewe huna woga," akasema, akajifunika shuka.

Ioane naye alishtuka. "Maalim, shangazi ameandika t."

"Umewasikia watu wako wakiongea wenyewe kwa wenyewe?"

Akafikiri, akasema kweli, anakumbuka wajomba zake wakicheka sebuleni walikuwa wanasema k. Basi! Nikamwambia unaona? Na ili nijithibitishie kabisa, asubuhi iliyofuata Sina aliponipa chapati iliyobaki mkahawani nikamjibu kwa majivuno, "Fa'afekai!" Akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika, akainama kwa adabu akaenda zake. Nilidhani ni furaha. Sikujua kwamba kwao, kama kwetu, mtoto hamrekebishi mzee.

Ijumaa ikafika. Nikatoka msikitini moja kwa moja mpaka Jumeirah Lake Towers, kwenye ule mkahawa wa Sina, ambao tajiri wake alikuwa amewapa chumba cha juu kwa mchana ule. Walikuja Wasamoa wote wanaojuana Dubai, na Wafiji wachache waliofuata harufu ya chakula, watu wakubwa wakubwa wenye maua masikioni. Mikeka imetandikwa, watu wamekunja miguu sakafuni, nami nikajisikia niko kwenye hitima ya nyumbani. Hata chakula ukikifunua ni cha kwetu: magimbi, samaki, tui la nazi. (Sina, Mungu ambariki, alinitengea samaki wangu sahani yake mbali na vile nisivyokula, bila ya kuambiwa.) Ioane akanitambulisha kuwa mimi ndiye mwalimu wake, nikakalishwa nyuma yake kidogo, mahali pa heshima.

Mzee Tavita alikaa mbele. Mtu mkavu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa chini kabisa na macho yasiyopepesa. Kando yake mkewe, mwanamke mnene mwenye uso wa kucheka. Mzee akamtazama Ioane akasema neno moja tu. Sina alikuwa ukutani, mikono ameifumba kama mtu anayeshika ndege asimponyoke.

Ioane akainamisha kichwa akaanza.

Wallahi, alianza vizuri. Hamza zinafunga na kufungua, madda zimekaa, ng' inalia kama kengele. Nami moyo wangu umejaa, nikawa nawatazama watu kulia na kushoto, natikisa kichwa, kama kusema: mnasikia? Nikaona nyuso zimebadilika. Vijana nyuma wamejishika midomo. Mama mmoja amefungua macho katikati ya dua, jambo ambalo hata Wafiji hawakulifanya. Nikasema, wameduwaa kwa uzuri.

Ioane mwenyewe aliona ninachokataa kukiona. Alipofika mstari wa nne aliyainua macho kidogo, akakutana na ya Mzee Tavita, ulimi ukamtetereka, na kutoka sijui wapi, labda kanisani alikopelekwa akiwa mtoto, akasema: "Fa'afetai..."

Sasa, ninyi mnajua. Imamu akikosea katika swala, aliye nyuma yake humkumbusha kwa sauti, na si utovu wa adabu, ni haki ya imamu juu ya aliye nyuma yake. Miaka thelathini mdomo wangu umefanya hivyo kila Ramadhani. Haukuniomba ruhusa.

"Fa'afeKAI!" nikapaza.

Chumba kizima kikaruka. Mfiji mmoja akatoa mlio kama tairi linalopungua upepo. Ioane, kijana mtiifu, akarudia kwa k. Mbele kidogo akatetereka tena, "lenei", nami nikamrudisha kwa sauti ile ile, "leNG'EI!", na safari hii mtoto mdogo akaangua kicheko na mama yake akamfunika uso kwa kanga, sijui ndiyo kanga ile, kitambaa chao chenye maua. Ioane akaenda mpaka mwisho jasho likimtiririka shingoni, akavuta pumzi, akasema kwa ng' safi kuliko zote nilizowahi kumsikia:

"Ameng'e."

Hakuitikia mtu.

Kimya kile nimewahi kukisikia mara moja tu tena, mtu alipoangusha msahafu. Mzee Tavita akasema kwa Kiingereza, polepole, "Chakula kinapoa. Kuleni." Hakumtazama Ioane. Akaweka kiganja sakafuni, ishara ya mtu anayetaka kuinuka aondoke.

Sina akaja kwangu ameinama mpaka magotini, kama wapitavyo mbele ya wakubwa. "Maalim, nani amemfundisha kusema vile?"

"Mimi," nikasema, na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa na fahari kidogo.

"Maalim, vile tunasema jikoni. Mimi na Mele. Na mama. Na rafiki zetu. Mgeni hatumsemeshi hivyo, ndiyo maana wewe sikusemeshi hivyo. Na Mungu kabisa, hapana. Kwenye sala, kwenye kitabu, kwa mgeni, tunasema kwa t. Watu wote wanajua. Hakuna anayefundishwa. Na 'Amene' haibadiliki popote. Hata jikoni."

Niliisikia kofia yangu ikiwa nzito kama chungu. Lugha moja, kanuni mbili za sauti, zote mbili sahihi, kila moja na mlango wake wa kuingilia, nami nimemchukua kijana wa watu nikampitisha mlango wa jikoni mpaka mbele ya Mola wake na mbele ya mkwe wake, huku nikipiga kelele nyuma yake asije akakosea njia.

Nikainuka. Nikapita nimeinama kama nilivyomuona Sina akipita, magoti yananiuma, nikakaa mbele ya Mzee Tavita nikakunja miguu. Nikatoa ile karatasi mfukoni nikaiweka juu ya mkeka.

"Mzee mwenzangu," nikamwambia, "kwetu, mwanafunzi akisoma vibaya kwa kumtii mwalimu, kosa ni la mwalimu. Kijana aliletewa maneno sahihi. Wino mwekundu huo ni wangu. Mimi ndiye niliyemwambia nyinyi mnakosea. Ukitaka kuondoka kwa hasira, ondoka kwa hasira yangu mimi. Yeye umsikilize."

Akavaa miwani. Akaisoma karatasi mstari kwa mstari, kidole kikitembea, na watu wote wamesahau chakula. Alipofika chini, kidole kikasimama juu ya "Amege".

"Unajua Kisamoa?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hizi umezipata wapi?"

"Kwa masikio. Binti yako akiongea na simu, pale benchini."

Akamgeukia Sina. "Kumbe unapiga kelele za jikoni barabarani Dubai mpaka wazee wa watu wanazihifadhi?"

Mkewe akashindwa. Alicheka kicheko cha tumbo, akinipiga piga goti langu, akasema maneno mengi ambayo Mele alinifasiria: kwamba yeye amesikiliza makasisi maisha yake yote na hajapata kuona mtu akimsahihisha Mungu "Amene". Chumba kizima kikapasuka. Mimi nikacheka nao, ningefanya nini? Lakini Mzee Tavita hakucheka. Alikuwa anamtazama Ioane, na kwa mara ya kwanza kichwa amekiweka upande, kama mtu anayesikiliza kitu kilichopita.

"Sema tena lile neno," akamwambia. "'Aiga." Jamaa, ukoo. Lina hamza mwanzoni na ng' ndani.

Ioane akalisema.

"Tena."

Akalisema.

Mzee akasema na mkewe, na Mele akaninong'oneza, "Anasema watoto wa Nyuzilandi wanalisema kama wana mkate mdomoni. Huyu analisema kama kazaliwa nyuma ya nyumba yetu."

Akamrudishia Ioane karatasi. "Soma yaliyo chini ya wino."

Hapo sasa ndipo mtihani wenyewe. Za t hazikuwa na taabu: kila k irudi ilikotoka. Lakini ng' zimechanganyika. Nyingine ni za asili, zimo kwenye neno tangu mwanzo, na nyingine ni n nilizozigeuza mimi, na mahali pengine wino wangu ulikuwa umefunika usionekane usuli wake. Ioane akaanza, t zake ngumu na safi, akafika mstari wa tatu akakwama. Akanigeukia. Mimi naijua ile karatasi kabla ya wino. Neno liko kwenye ncha ya ulimi wangu linaniwasha. Nikaubana. Nikamtazama mwenye lugha. Mzee Tavita akanitazama na yeye, kwa muda mrefu kiasi cha kuniadabisha, kisha akainamisha kichwa: toa.

"N," nikanong'ona.

Akaendelea. Mara tatu akakwama, mara tatu nikaomba kwa macho, nikaruhusiwa, nikamkumbusha kwa sauti ya mtu aliye msibani. Na zile ng' za kweli zilipofika alizipiga peke yake bila ya msaada wa mtu, na hamza zake, na madda zake, mpaka naona mama mkwe amefumba macho machozi yanamtoka chini ya kope, na wale vijana wa nyuma wameinamisha vichwa. Akafika mwisho.

"Amene."

"AMENE!" Chumba kizima, na Wafiji na wote, mpaka vijiko vikalia sahanini. Nami kimoyomoyo nikamshukuru Mola wangu kwa namna yangu.

Tukamtazama Mzee Tavita. Akaivua miwani, akaikunja. Akapiga piga mkeka kando yake, akamwambia Ioane maneno mawili:

"Sau, gofo."

Sau ni njoo, lakini gofo? Ng'ofo? Nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba kaa kitako ni "nofo", kwa n, na mdomo wangu, ndugu zangu, mdomo huu usiokoma, ulifunguka. Namshukuru Mungu nilikuwa na kipande cha gimbi mkononi. Nikakitia.

Maana nilimwona Sina. Alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini, analia na kucheka kwa pamoja, Mele amemkumbatia. "Umesikia, Maalim?" Mele akaniambia. "Amemsemesha cha jikoni. Tangu amefika anamsemesha cha mgeni. Sasa amemsemesha kama anavyotusemesha sisi."

Ioane naye alielewa. Jitu lile lilikwenda likakaa kando ya mzee likiwa dogo kama mtoto, na mama mkwe akamsukumia sahani ya kwanza.

Nilirudi Discovery Gardens kwa metro, tumbo limejaa na masikio yananiwaka. Okello alikuwa ananingoja mlangoni. "Mzee! Umeoza au umevunja?"

"Vyote viwili," nikamwambia, "ila cha mwisho ni kuoza."

Walioana mwaka uliofuata, kisiwani. Sasa wana mabinti wawili, na nimeambiwa babu yao ana kazi ya kuwanyamazisha.

Mimi nimeapa, na kiapo hiki nimekilinda. Qur'ani nitaendelea kuirekebisha mpaka niitwe, hiyo nilikabidhiwa kwa kinywa na nitaikabidhi kwa kinywa. Lakini lugha ya mtu mwingine, hata niisikie inapindishwa namna gani mbele yangu, nitauliza kwanza yule mtu anazungumza na nani. Na mara nyingi nikishauliza hivyo naona sina tena cha kusahihisha, nami nakaa kitako nasikiliza.